Bibi Arusi na Jumba la Kutisha

Riwaya za mahaba za kigothiki ni hadithi za mapenzi zinazotokea ndani ya nyumba kongwe isiyoaminika. Msichana, mara nyingi yatima asiye na mali, anafika kwenye jumba kubwa lililo mbali na watu. Mwenye jumba ni mwanamume mkali, mzito wa maneno. Kuna mlango usiofunguliwa, mtumishi anayejua mengi kuliko anayoyasema, na mwanamke aliyetangulia ambaye jina lake hutajwa kwa kunong'ona. Msichana anampenda mwenye jumba, na hapo hapo anamshuku kuwa muuaji. Shaka hiyo ndiyo roho ya hadithi. Mizuka huja na kupita. Swali linalobaki ni nani mwenye nyumba, na mwanamke aliyeingia mle ana haki gani.

Aina hii ya riwaya ilizaliwa Uingereza. Mwaka 1764 Horace Walpole, mbunge na mtoto wa waziri mkuu wa zamani, alitoa The Castle of Otranto bila kujitaja, akidai ni tafsiri ya kitabu cha kale cha Kiitaliano. Kilipopendwa ndipo akajitokeza, katika toleo la pili la 1765. Alikuwa akiishi Strawberry Hill, nyumba yake ya Twickenham karibu na London, aliyoijenga kwa kuiga makanisa na ngome za kale. Dari ya ukumbi wake mkuu, yenye nakshi kama za kanisani, ilitengenezwa kwa karatasi iliyolowekwa na kugandishwa. Kwa hiyo mambo yote haya yalianza na nyumba ya kuigiza na maandishi ya kusingiziwa.

Kisa chenyewe kina vituko ambavyo leo vinachekesha. Kofia kubwa mno ya chuma inaanguka na kumponda kijana Conrad siku ya arusi yake. Baba yake, Manfred, anaona ukoo utakosa mrithi, basi anaamua kumwoa yeye mwenyewe yule bibi arusi, Isabella, ingawa mkewe yu hai. Isabella anakimbilia njia za chini ya kasri, na upepo unamzimia taa. Kofia ilisahauliwa. Mbio za msichana gizani, nyuma yake mwanamume mwenye mamlaka juu ya nyumba nzima, ndizo zilizorithiwa na waandishi waliofuata.

Aliyezifanya ziwe sanaa ni Ann Radcliffe. Mchapishaji alimlipa pauni 500 kwa The Mysteries of Udolpho ya 1794, na The Italian ya 1797 ikampatia pauni 800, fedha nyingi mno kwa mtunzi wa riwaya wa wakati huo. Katika Udolpho, yatima Emily anapelekwa na shangazi yake kwenye ngome ya milima ya Apennini nchini Italia. Mume wa shangazi, Montoni, anataka mkewe atie saini kumwachia mashamba aliyo nayo Ufaransa. Mke anakataa, anafungiwa mnarani, anaugua na kufa. Kisha Montoni anamgeukia Emily, naye atie saini.

Katika chumba alichopewa Emily kuna mlango wa pili unaoelekea kwenye ngazi ya siri. Makomeo yake yako upande wa nje. Aliye ndani hawezi kujifungia, ila aliye nje anaweza kumfungia. Radcliffe hahitaji jini wala mzuka hapo, fundi seremala anatosha. Na ndivyo alivyopenda: mwisho wa kitabu kila la ajabu hupewa sababu ya kawaida. Emily anafunua pazia jeusi na kuzimia, na msomaji anangoja kurasa mamia kuambiwa kwamba kilichokuwa nyuma yake ni sanamu ya nta. Wapo waliohisi wamepunjwa, na si bila haki.

Jane Austen aliifanyia mtindo huu mzaha mzuri katika Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya kifo chake. Catherine, msomaji sugu wa Radcliffe, analala kwenye nyumba kongwe na usiku anakuta karatasi zilizofichika ndani ya kabati. Mshumaa unazimika, halali kwa saa nyingi. Kulipokucha anasoma: ni hesabu za dobi. Lakini mzaha una jino. Mwenye nyumba, Jenerali Tilney, ambaye Catherine alimdhania muuaji wa mkewe, hakumuua. Ila anapogundua kuwa binti huyu si tajiri, anamfukuza asubuhi na mapema, asafiri peke yake njia nzima hadi kwao.

Sheria ya Uingereza ya wakati huo inaeleza hofu hii vizuri kuliko mizimu. Mwanamke alipoolewa, fedha zake na mapato ya ardhi yake yalikuwa mikononi mwa mumewe, mpaka sheria ya 1882 ilipompa mke haki kamili ya kumiliki mali yake. Jane Eyre ya Charlotte Brontë, iliyotoka 1847, iko ndani ya ulimwengu huo. Jane ni mwalimu wa nyumbani katika jumba la Thornfield, anasikia kicheko kutoka ghorofa ya juu, na siku ya ndoa yake, kanisani, inabainika kwamba bwana arusi, Rochester mwenye jumba, tayari ana mke. Bertha, aliyetoka Jamaika na mali ya pauni 30,000, amefungiwa juu akidaiwa kuwa mwendawazimu. Jane anaondoka. Hakubali kuolewa na Rochester mpaka amepata urithi wake mwenyewe na Thornfield imeteketea. Bertha hapewi nafasi ya kujieleza. Hiyo alipewa mwaka 1966 na Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, katika Wide Sargasso Sea.

Katika karne ya 20, riwaya iliyoufufua mtindo huu ni Rebecca ya Daphne du Maurier ya mwaka 1938. Aliianza akiwa Alexandria, Misri, alikokuwa na mumewe mwanajeshi, akiikumbuka Menabilly, jumba la Cornwall alilolitamani. Baadaye alilipanga, akalikarabati, akaishi humo zaidi ya miaka 20, lakini halikuwa lake, na mwaka 1969 alilazimika kuhama. Msimulizi wa Rebecca, mke wa pili wa Bwana de Winter, hatajwi jina hata mara moja. Siku moja simu ya ndani inalia, anaulizwa Bi de Winter, naye anajibu kwamba Bi de Winter alikufa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Anasahau kuwa Bi de Winter sasa ni yeye. Danvers, msimamizi wa watumishi, ametunza chumba cha Rebecca, mke wa kwanza aliyekufa, kama kilivyokuwa, na nyumba nzima inamtii marehemu. Filamu ya mwongozaji Hitchcock ya 1940 ilipata Oscar ya filamu bora, lakini kanuni za maadili za Hollywood hazikuruhusu mume amuue mkewe na asiadhibiwe, kama ilivyo kitabuni, hivyo kifo cha Rebecca kikageuzwa ajali.

Kisha ikawa biashara. Mwaka 1960 Eleanor Hibbert, kwa jina la Victoria Holt, alitoa Mistress of Mellyn, ambamo mwalimu wa nyumbani anarudi, safari hii Cornwall, na wachapishaji wa Marekani wakafurikisha soko kwa vitabu vya bei nafuu. Majalada yake yalifanana kama mapacha: mwanamke mwenye gauni refu anakimbia, nyuma yake jumba jeusi, dirisha moja tu lina mwanga. Ndani, visa navyo vilifanana. Katika miaka ya 1970 wasomaji wengi walihamia riwaya za mapenzi ya wazi zaidi.

Vitabu vizuri vya aina hii bado vinaandikwa. Mexican Gothic ya Silvia Moreno-Garcia, ya 2020, inalipeleka jumba kwenye milima ya Meksiko, kwa ukoo wa Waingereza waliochimba madini ya fedha mpaka mgodi ukafungwa. Kuvu imeenea kutani. Noemí, binti tajiri wa mjini, anakwenda kumwangalia binamu yake aliyeolewa huko, na baba yake tayari anashuku kwamba bwana arusi alifuata mali.