Kingda Ka, treni isiyo na injini

Je, wajua kwamba rolakosta iliyopanda juu kuliko zote duniani kwa karibu miaka 20 ilikuwa na treni isiyo na injini hata moja? Kingda Ka ilifunguliwa tarehe 21 Mei 2005 katika bustani ya burudani ya Six Flags Great Adventure, jimbo la New Jersey, Marekani. Mnara wake ulikuwa na mita 139, karibu sawa na Piramidi Kuu ya Giza ilivyo leo, na abiria 18 waliufikia baada ya kutoka kasi sifuri hadi kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde 3.5.

Wengi huikumbuka kwa kasi hiyo. Mimi naona ustadi wake mkubwa ulikuwa kwingine: waliouunda mtambo huu, kampuni ya Intamin, walijua tangu mwanzo kwamba kuna siku treni haitafika kileleni, wakajipanga.

Treni ilitoka kituoni polepole, ikasimama mwanzoni mwa reli iliyonyooka, kisha ikarudi nyuma kidogo. Hapo ndipo ilipojinasa kwenye kigari kilichofichwa katikati ya njia, kilichofungwa kamba za chuma zinazokwenda hadi kwenye winchi kubwa. Breki zilizopangwa kando ya njia ya kigari zikashuka, honi ikalia. Sekunde chache za kungoja, halafu mgongo wote ukagandamana na kiti.

Wakati abiria wakifungiwa vizuizi vya mabegani, pampu zilikuwa zikisukuma mafuta ya haidroliki na kuibana gesi ya naitrojeni ndani ya matangi. Gesi ilipoachiwa ilitanuka kwa ghafla na kuyasukuma mafuta hayo kwenye mota zilizozungusha ngoma ya winchi. Nguvu iliyotoka ilifikia hadi nguvu farasi 20,800. Kilichokusanywa taratibu kilitumika chote mara moja, katika umbali wa kama mita 100. Kigari kikaachia, na kuanzia hapo treni haikusukumwa na kitu tena.

Je, kasi hiyo ilitosha? Fizikia ya sekondari inajibu. Kilomita 206 kwa saa ni kama mita 57 kwa sekunde. Zidisha kasi hiyo kwa yenyewe, gawanya kwa mara mbili ya mchapuko wa uvutano wa dunia, utapata takriban mita 167. Mnara ni mita 139. Hizo mita 28 za ziada ndizo akiba yote ya safari: upepo unachukua sehemu yake, msuguano wa magurudumu sehemu yake, na kinachobaki ndicho kinachoivusha treni kileleni. Ndiyo maana upepo mkali wa mbele, au mtambo kutoa nguvu pungufu kidogo tu, viliweza kuikwamisha treni karibu kabisa na ukingo.

Ikikwama, ilirudi kinyumenyume, abiria wakiwa wametazama mbinguni. Lakini breki zile zilizoshushwa zilikuwa zimeshainuka tena mara tu treni ilipopita. Zilikuwa breki za sumaku. Bamba la shaba likipita kwa kasi karibu na sumaku, mikondo ya umeme huzaliwa ndani yake, nayo huunda usumaku unaopinga mwendo. Hakuna kinachogusana, hakuna umeme unaohitajika kutoka nje, na treni inapopunguza mwendo breki nazo hulegea, hivyo abiria hawabamizwi. Wakarudishwa mwanzo, wakarushwa upya. Wako mashabiki walioiombea treni yao ikwame, ili waione safari hiyo ya nyuma angalau mara moja.

Udhaifu wa kweli ulikuwa kwenye mtambo wa kurushia. Mwezi Juni 2005, wiki chache tu baada ya ufunguzi, boliti ilikatika ndani ya mfereji wa kamba, na mtambo ukafungwa hadi Agosti. Rekodi ya kasi ilichukuliwa mwaka 2010 na Formula Rossa ya Abu Dhabi, yenye kilomita 240 kwa saa, ambako abiria huvaa miwani ya kukinga macho. Rekodi ya urefu wa kwenda juu ilibaki New Jersey hadi Kingda Ka ilipobeba abiria wa mwisho tarehe 10 Novemba 2024. Mnara uliangushwa kwa baruti tarehe 28 Februari 2025.

Dada yake mkubwa, Top Thrill Dragster ya Ohio, iliyojengwa 2003 ikiwa na mnara wa mita 128, alibaki hai kwa kubadilishwa. Mafuta na kamba viliondolewa, zikawekwa mota za sumakuumeme, na mwaka 2024 ikafunguliwa kwa jina la Top Thrill 2. Sasa treni inarushwa mbele bila kufika kileleni, inarudi, inasukumwa kinyumenyume hadi juu ya mnara wa pili uliosimama nyuma yake, ndipo inaporushwa kwa mara ya tatu na kuvuka. Kurudi nyuma, ambako zamani kulikuwa hitilafu, sasa ni sehemu ya safari ambayo kila abiria anaipata.