Wimbo wa kuua mfalme, na jamaa aliyeuaga nao dunia

Cheki hii. Mwaka wa 262 hivi, mjini Luoyang, Uchina, jamaa anayeitwa Ji Kang anapelekwa sokoni kuuawa. Kosa lake? Alimtetea rafiki aliyesingiziwa, na wakubwa walikuwa wanamtafutia sababu kitambo. Inasimuliwa kuwa wanafunzi 3,000 wa chuo cha serikali waliomba aachiliwe awe mwalimu wao. Wapi! Ji Kang akaangalia kivuli chake, akaona jua bado liko, akaitisha guqin.

Guqin ni ala ya nyuzi saba inayolazwa mezani: mkono wa kulia unadonoa, wa kushoto unateleza juu ya uzi. Akapiga Guangling San. Akimaliza, akasema wimbo huo umekwisha leo. Kuna mtu alikuwa amemwomba amfundishe, akakataa. (Hata leo si tunawajua wasanii wa aina hiyo?)

Chaguo lake halikuwa la bure. Wimbo wenyewe unahusishwa na kisa cha Nie Zheng. Babake, mhunzi, alichelewa kumaliza upanga wa mfalme wa Han, akauawa. Kijana akaenda milimani kusomea guqin miaka kumi, akameza makaa ili sauti ibadilike, akapiga vizuri hadi mfalme mwenyewe akamwita ikulu. Kisu kilikuwa ndani ya guqin. Baada ya kumuua mfalme alijichanachana uso ili mamake asitambuliwe, lakini mama alikuja tu, akaukumbatia mwili mbele ya watu.

Sasa sikia ujanja wa nyuzi. Kwa mila, uzi wa kwanza ni mfalme, wa pili ni waziri. Wimbo huu unalegeza wa pili hadi ulingane na wa kwanza. Wasomi wa Konfusio waliukasirikia kweli kweli, na mimi nawaelewa: huo ni uasi bila neno hata moja.

Lakini haukufa. Mwaka wa 1425 Zhu Quan aliuchapisha kitabuni, sehemu 45, na huyo ni mtoto wa mfalme! Shida ni kwamba maandishi ya guqin yanakuonyesha uzi na kidole, si urefu wa kila sauti. Miaka ya 1950 Guan Pinghu wa Beijing alikaa na kurasa hizo akatafuta mdundo mwenyewe, kipande kwa kipande. Rekodi yake inapita dakika 20. Mwanzo ni mpole. Ngoja katikati, nyuzi zikianza kugongwa.