Mtawanyiko wa Kuvumwani katika Jangwa la Namib: Nafasi ya Ukungu na Uthabiti wa Ardhi

Makala haya yanafafanua mambo yanayoamua mahali zinapoota kuvumwani katika Jangwa la Namib, pwani ya Namibia. Kama jina linavyodokeza, kuvumwani ni ushirika wa kuvu na mwani: kuvu hujenga mwili na kuushikiza ardhini au jiweni, na mwani hutengeneza chakula kwa usanisinuru. Kwa kuwa hazina mizizi, hutegemea unyevu wa hewani.

Katika pwani hiyo mvua ni haba mno. Swakopmund kwa kawaida hupata chini ya milimita 20 kwa mwaka. Hata hivyo, hewa inayopita juu ya mkondo baridi wa Benguela hupoa na kufanya ukungu, ambao upepo huupeleka bara. Kuvumwani hulowa usiku, hufanya usanisinuru kwa saa chache baada ya jua kuchomoza, kisha hukauka na kulala hadi unyevu urejee.

Kutokana na hayo, ingetarajiwa kuwa zingeenea popote ufikapo ukungu. Hali halisi haiko hivyo. Kusini mwa mto Kuiseb ukungu huvifikia vilima vya mchanga, lakini mchanga uhamao hauruhusu kiumbe kikuacho polepole kushika. Kaskazini mwa mto huo kuna tambarare za changarawe zenye gamba la jasi. Huko, hasa karibu na Wlotzkasbaken, *Teloschistes capensis* yenye rangi ya chungwa hufunika maeneo mapana. Aidha, kwenye miteremko na mawe, kuvumwani huwa nyingi zaidi upande unaokabili upepo wa bahari, na hupungua kadiri mtu anavyoelekea bara.

Inabainika, basi, kwamba ukungu huweka mipaka ya mahali kuvumwani zinapoweza kuishi, na uthabiti wa ardhi huamua zinapoishi ndani ya mipaka hiyo. Hoja hii ina uzito katika uhifadhi. Gari linalopita nje ya njia huvunja gamba la jasi, na alama za magurudumu hudumu kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo, ramani ya ukungu pekee haitoshi kuwa msingi wa kupanga hifadhi. Gamba likivunjika, ukungu utaendelea kuja, lakini kuvumwani hazitakuwa na pa kushika.