Kila Mtu na Sarafu Yake

Wauguzi watatu wa jengo moja hapa Al Mansoura, Doha, tunakusanya sarafu, lakini kila mtu na lake.

Mmoja anawinda faida. Ndoto yake ni rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Wa pili anapenda historia. Ndiye aliyenieleza kuwa neno "hela" limetokana na Heller, sarafu ya Wajerumani iliyoanza kwetu mwaka 1904, na kuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ziliokotwa Visiwa vya Wessel, Australia, mwaka 1944.

Mimi nina senti 50 ya mwaka 1966, yenye sungura, niliyopewa na bibi. Hainunui hata pipi. Lakini mwanangu aliyezaliwa huku akiishika huuliza, "Mama, huyu nani?" Nikimjibu ni Mwalimu Nyerere, maswali hayaishi, na yote tunaulizana kwa Kiswahili.

Ndugu msomaji, sarafu za wazee usizisugue zing'ae. Wanunuzi huzishusha bei. Na kabla hujauza, waulize wenyewe walizipataje, ungali unao.