Mashine ya Kunyolea Yenye Namba

MWALIMU: Sogeeni karibu na redio. Fungueni madaftari yenu, na kila mtu ashike kalamu yake. Somo letu la leo ni juu ya kunyoa ndevu, na hasa juu ya mashine ya kunyolea ambayo ukali wake huongezwa na kupunguzwa kwa namba. Akina mama, msiondoke. Maneno ya mwisho ya somo hili yawahusu watu wote wa nyumbani.

Leo ninaye mgeni hapa, mwanafunzi mwenzenu. Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, mwalimu. Hamjambo nyote huko mliko.

MWALIMU: Mzee amekuja na mashine yake. Tueleze, mzee wangu, uliipata wapi?

MZEE: Ilikuwa ya marehemu baba yangu. Alikuwa baharia, akarudi nayo kutoka safarini. Alipofariki nikairithi mimi. Ina pete shingoni, na pete hiyo ina namba. Wakati ule nilikuwa sijui kusoma. Siku ya harusi ya binti yangu nikataka nipendeze. Nikaizungusha pete mpaka ikakataa, maana nilidhani kuzidisha ndiko kunyoa vizuri. Nikapaka sabuni, nikakandamiza. Mwalimu, nilimwoza binti yangu nikiwa na vipande vya karatasi kidevuni, na shingo ya kanzu ina damu. Baada ya siku tatu nikatokwa na vipele shingo nzima.

MWALIMU: Pole sana, mzee. Na sasa umekwisha kuisoma namba ile?

MZEE: Nimeisoma mwezi huu. Ni 9.

MWALIMU: Haya, ndugu zangu, hapo ndipo somo letu linapoanzia. Mashine haikuwa na kosa. Ilikuwa imeandikwa jambo, na mwenyewe hakuweza kulisoma.

JINSI MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Zamani watu walinyoa kwa wembe mrefu wa kukunja. Wembe ule ulitaka mkono wa fundi, na kila mara ulihitaji kunolewa. Mwaka 1895 mtu mmoja wa Marekani, jina lake King C. Gillette, alipata wazo la wembe mwembamba wa chuma, unaotumika mara chache kisha ukatupwa. Alisaidiwa na fundi mmoja, William Nickerson. Wakaanza kuuza mwaka 1903. Mwaka ule waliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Andikeni namba hizo madaftarini: 51 na 168. Leo wembe wa pande mbili unajulikana karibu kila mahali duniani.

Sasa tutazame kichwa cha mashine. Juu kuna kifuniko. Chini kuna kitako. Wembe hukaa katikati, na kifuniko huupinda kidogo ili usitikisike. Wembe wenyewe ni mwembamba sana. Unene wake ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Kando ya kitako, kila upande, kuna ukingo. Ukingo ndio mlinzi, nao hutembea juu ya ngozi mbele ya wembe. Kati ya makali ya wembe na ukingo pana mwanya mdogo.

Mwanya ukiwa mdogo, makali hugusa ngozi kidogo. Mwanya ukiwa mkubwa, makali hutokeza zaidi. Hapo ndevu nene hukatika upesi, lakini mkono mzito huleta damu.

Katika mashine ya kawaida mwanya ni mmoja siku zote. Katika mashine yenye namba, ukizungusha pete, mwanya hupanuka au hupungua. Namba ndogo ni mwanya mdogo. Namba kubwa ni mwanya mkubwa.

MZEE: Basi ni kama utambi wa taa ya chemli.

MWALIMU: Umesema kweli, mzee. Na ukiupandisha utambi kupita kiasi, je, wapata mwanga zaidi?

MZEE: Hapana. Wapata moshi.

MWALIMU: Hivyo hivyo. Namba 9 haimaanishi kunyoa vizuri mara tisa.

MASHINE NNE

Sasa tuzilinganishe mashine nne.

Ya kwanza ni Gillette yenye shingo nene, iliyotengenezwa Marekani kuanzia mwaka 1958 hadi 1961. Watu wameipa jina la utani, Fatboy, yaani mtoto mnene. Namba zake ni 1 mpaka 9. Uzito wake ni gramu zipatazo 80. Ukizungusha kitufe kilicho chini ya mpini, kichwa hufunguka kama milango miwili ya kabati, nawe watia wembe bila kuugusa makali.

Ya pili ni mdogo wake, Gillette Slim, ya mwaka 1961 hadi 1968. Nayo ina namba 1 mpaka 9, na milango yake ni ile ile. Tofauti ni kwamba shingo yake ni nyembamba na ni nyepesi mkononi. Mashine hizi mbili hazitengenezwi tena. Mwenye kuzitaka hununua iliyokwisha tumika. Kabla ya kulipa, tazama mambo matatu: milango ifunge sawa, pete izunguke, na wembe ukae sawa pande zote mbili. Tena, kabla ya kubadili namba, legeza kwanza kitufe cha chini kidogo, ubadili, kisha kaza.

Mzee, geuza kichwa cha mashine yako. Tusomee kilichoandikwa chini yake.

MZEE: Upande huu naona herufi F. Upande wa pili naona namba 2.

MWALIMU: Vizuri sana. Herufi ni mwaka. E ni 1959, F ni 1960, G ni 1961. Namba ni robo ya mwaka. Basi mashine ya marehemu baba yako ilitengenezwa kati ya Aprili na Juni mwaka 1960.

MZEE: Lo! Miaka yote hii nilikuwa nimeushika mwaka wake mkononi, na sijui.

MWALIMU: Sasa wajua. Mashine ya tatu ni Merkur Progress, inayotengenezwa Solingen, mji wa Ujerumani wenye sifa ya visu na nyembe tangu zamani. Namba zake ni 1 mpaka 5, nazo zimeandikwa kwenye kitufe cha chini ya mpini. Haina milango. Wafungua kitufe mpaka kifuniko kitoke, watia wembe, kisha warudisha kifuniko. Alama ya kifuniko ni lazima ikutane na alama ya kichwa. Ukikigeuza kifuniko, namba hazitakuambia kweli.

Ya nne ni Merkur Futur, nayo ni ya Solingen. Namba zake ni 1 mpaka 6. Ni nzito, gramu zipatazo 120. Kifuniko chake huchomolewa kwa vidole, kwa hiyo kishike kwenye ncha zake fupi, mbali na makali, na mkono uwe mkavu. Wengi wamekatwa vidole kabla hata ya kufika kidevuni. Tena mwanya wake ni mpana tangu namba 1.

Hapa nataka msikilize sana. Namba 1 ya Futur si sawa na namba 1 ya Slim. Kila mashine ina kipimo chake, kama kibaba cha duka hili kisivyolingana na kibaba cha duka lile. Ukibadili mashine, usihame na namba yako. Anza upya.

Ipi ni bora? Kwa mtu anayeanza, au mwenye ngozi laini, mimi ningechagua Slim au Progress. Kwa mwenye ndevu nene na mkono uliozoea, Fatboy yafaa sana. Futur ningemwachia aliyekwisha kujifunza kunyoa bila kukandamiza. Lakini mashine hizi ni za bei kubwa. Mwenye mashine ya kawaida asione amekosa kitu. Wembe unaotumika ni ule ule wa pande mbili, na mkono mwepesi hushinda mashine ya ghali.

KUTAFUTA NAMBA YAKO

Nywele zetu wengi ni za kujikunja. Ukizikata chini mno, ncha hubaki kali, na inapoota hujipinda na kuichoma ngozi. Hapo huja vipele vya ndevu. Kwa hiyo, kwa mwenye vipele, kunyoa mpaka kidevu kiwe laini kama yai ndiko kujitafutia taabu. Afadhali ubaki mkwaruzo kidogo.

Fanya hivi. Kwanza, osha uso kwa maji ya vuguvugu, upake sabuni yenye povu, ungoje dakika mbili au tatu ndevu zilainike. Pili, weka namba 1 au 2. Tatu, nyoa kufuata njia ndevu zinavyoota, wala usiivute ngozi. Uache uzito wa mashine ufanye kazi. Nne, suuza kwa maji baridi. Siku nyingine, ikiwa ndevu nyingi zimebaki, ongeza namba moja. Ngozi ikiwasha au ikitoa damu, rudi nyuma namba moja. Namba ambayo haikudhuru ndiyo yako, iandike daftarini. Ndevu zikiwa za siku nyingi, anza na namba kubwa kidogo, na mara ya pili pita kwa namba ndogo. Na vipele vikitunga usaha, acha kunyoa, nenda zahanati.

MZEE: Mimi sasa natumia 2, mara mbili kwa juma. Vipele vimepungua sana.

WEMBE SI WA WATU WAWILI

MWALIMU: Sasa akina mama nanyi vijana, sikilizeni. Wembe mmoja usitumiwe na watu wawili, hata kama ni mtu na mkewe, hata kama ni baba na mwanawe. Damu kidogo usiyoiona yaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B, au vya UKIMWI. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi nje ya mwili siku 7, hata damu ikiwa imekauka. Kwa hiyo kuungojea wembe ukauke si kuusafisha. Ukienda kwa kinyozi, mwambie afungue wembe mpya mbele ya macho yako. Si kumvunjia heshima.

Wembe uliokwisha usiutupe jaani, watoto hucheza huko. Utie katika kopo lenye kifuniko, uliweke mbali.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Namba ikiongezeka, mwanya hufanya nini?
2. Mashine ina herufi E na namba 3. Ilitengenezwa miezi gani, ya mwaka gani?
3. Kwa nini namba 1 ya Futur si sawa na namba 1 ya Slim?
4. Kwa nini wembe usitumiwe na watu wawili?

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

mwanya – nafasi ndogo kati ya vitu viwili
ukingo – sehemu ya pembeni inayozuia
mpini – sehemu ya kushikia
robo ya mwaka – miezi mitatu

MWALIMU: Mzee, neno la mwisho kwa wenzako?

MZEE: Nina binti mwingine, ataolewa baada ya mavuno. Safari hii shingo ya kanzu itakuwa nyeupe.

MWALIMU: Inshallah.