Kalemie Ijengwe kwa Kipimo cha Ziwa

Mito mingi huingia Ziwa Tanganyika, ikiwemo Ruzizi na Malagarasi, lakini unaotoka ni mmoja tu: Lukuga, unaoanzia mji wa Kalemie, nchini Kongo, na kwenda magharibi hadi mto Lualaba. Maji yalipopanda mwaka 2024 na kuingia majumbani, ilikuwa rahisi kudhani ziwa limeota tabia mpya. Historia inakataa. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron aliukuta mdomo wa Lukuga umezibwa na matete. Ziwa likaendelea kujaa hadi 1878, kizuizi kilipovunjika, kisha likashuka takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Wabelgiji walipoanzisha Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwishoni mwa 1891, na reli ya Kabalo ilipofika mwaka 1915, ufuko ulikuwa umeshapanuka. Tambarare inayovutia wajenzi leo ni ardhi iliyoachwa na maji, na mwaka 1964 ziwa lilipanda tena.

Wapo wanaosema dawa ni kuchimba Lukuga ili maji yatoke haraka. Lakini sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huondoka kwa mvuke. Lukuga huchukua sehemu ndogo tu. Mvua za Oktoba hadi Mei zikizidi miaka kadhaa mfululizo, kiangazi hakitoshi kukausha ziada hiyo. Zaidi ya hapo, ziwa ni la nchi nne, na likishushwa kupita kiasi, bandari za Kigoma na Mpulungu zitakosa kina. Wengine wanalaumu mabadiliko ya tabianchi peke yake. Joto la dunia linaweza kweli kuzidisha mvua kubwa, lakini mafuriko ya 1878 yanatuonya kwamba hata bila hilo ziwa lingerudi.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki: mvuvi wa ndagala na mikebuka hawezi kuhamia mlimani. Hakuna anayemtaka ahame kazini. Mitumbwi, vichanja vya kuanikia samaki na vibanda vya mbao vibaki ufukoni. Nyumba za kulala, shule na zahanati zipande juu. Tangu 2015 Kalemie ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika, na viwanja vinatafutwa. Basi wakuu wa mji wapande vigingi vya saruji pale maji yalipofika mwaka 2024, na wewe mnunuzi usitoe pesa kabla ya kuuliza kigingi kiko wapi.