Majina ya Pande za Pembetatu: Istilahi za Trigonometria

Katika magofu ya Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, yapo makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mtu atakaye kujua kimo cha nguzo mojawapo hafai kuegemeza ngazi juu yake, kwani ujenzi huo umekwisha kuchakazwa na karne nyingi za upepo wa bahari. Trigonometria humwezesha kupima akiwa amesimama mbali. Lakini ili aelekezwe kwa Kiswahili, hapana budi kwanza apewe majina ya kuziitia pande tatu za pembetatu, na hapo ndipo penye utata tunaokusudia kuueleza.

Elimu hii hufunzwa katika shule za sekondari, ambako masomo mengi yangali yakifundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba istilahi zake za Kiswahili zimo vitabuni kuliko zilivyo vinywani mwa watu, ilhali fundi wa nyumba na fundi wa jahazi huihitaji elimu yenyewe kila siku.

Tuanze na pembetatu yenye pembe mraba, yaani pembe ya nyuzi 90. Upande ulio mrefu kuliko yote, ambao huikabili pembe hiyo, huitwa hipotenusi. Tuliwahi kushawishika kuuita kombamoyo, kwa kuwa mti wa paa ulalao kutoka ukutani hadi kileleni ndio hasa upande huo. Tuliliacha wazo hilo kwa sababu kombamoyo ni mti, na hipotenusi yaweza kuwa kamba, kivuli au mstari wa jicho tu.

Pande mbili zilizobaki ndizo zenye taabu. Wako walimu wanaoziita kimo na kitako. Majina hayo ni mazuri na mepesi, lakini hupotosha. Kimo hubaki kimo popote ulipo, hali pande hizi hubadilika jina kwa kufuata pembe inayoshughulikiwa. Kwa hiyo twapendelea upande mkabala, yaani ule unaoitazama pembe yetu kwa mbele, na upande jirani, yaani ule unaoungana na hipotenusi kuifanya pembe hiyo. Jirani wa mtu hujulikana baada ya kujua mtu mwenyewe anakaa wapi. Mwanafunzi akilishika hilo, mengine ni hesabu ya kugawanya: sini ni mkabala kwa hipotenusi, kosini ni jirani kwa hipotenusi, na tanjenti ni mkabala kwa jirani.

Turudi Kaole. Tuseme, kwa mfano tu, tumesimama mita 8 kutoka shina la nguzo, mahali tambarare, na kutoka mstari wa mlalo jicho linainuka nyuzi 27 hadi kileleni. Jirani tunaye, mkabala hatuna, basi tanjenti ndiyo itufaayo. Tanjenti ya nyuzi 27 ni 0.51, tukizidisha kwa 8 tunapata mita 4.08. Wengi huishia hapo, wakasahau kwamba jicho halikuwa ardhini. Kama jicho liko mita 1.5 juu ya ardhi, nguzo ina kimo cha mita 5.6 hivi.

Sasa tuitazame nyumba ya makuti. Nusu ya upana wake ni mita 3, na kombamoyo, tusipohesabu sehemu inayotokeza nje ya ukuta, lina mita 4. Fundi ataka kujua mwinamo wa kipaa, kwa maana paa la makuti lililolala mno huvuja. Akisimama kwenye pembe ya ukutani, zile mita 3 ni jirani. Kosini ni 3 kwa 4, yaani 0.75, na jedwali au kikokotoo kitampa nyuzi 41.4. Akiitazama pembe ya kileleni, zile zile mita 3 zimekuwa mkabala. Sini ndiyo 0.75, na pembe ni nyuzi 48.6. Mwanafunzi aliyekariri kitako angejikwaa hapa.

Kuhusu neno sini, wako wanaoandika saini. Sisi twaona hilo halifai, kwani saini ni alama ya mkono wa mtu chini ya hati. Ni kweli kwamba sini nalo lina maana ya zamani, vyombo vya kauri vya China, kama zile bakuli zilizopambia makaburi ya nguzo katika pwani yetu. Lakini maana hiyo haisikiki sana siku hizi. Wengine huuliza kwa nini tusilitafsiri. Jibu limo katika historia ya neno lenyewe. Wahindi waliliita kwa jina la upote wa upinde. Waarabu wakalichukua kwa sauti tu. Kisha herufi zake zikasomwa kama neno la Kiarabu lenye maana ya mkunjo wa nguo kifuani, na katika karne ya 12 wafasiri wa Ulaya wakaitafsiri maana hiyo kwa Kilatini. Tungelitafsiri leo, tungekuwa tunatafsiri kosa.

Pembetatu isiyo na pembe mraba nayo ina njia yake. Watu wawili wasimame ufukweni Bagamoyo, mita 200 baina yao, walitazame jahazi lililotia nanga. Wa kwanza apime nyuzi 70 kutoka mstari unaowaunganisha, wa pili nyuzi 60. Pembe ya jahazini itakuwa nyuzi 50. Kwa kanuni ya sini, kila upande ukigawanywa kwa sini ya pembe iliyo mkabala wake hutoa jibu moja. Basi umbali wa mtu wa kwanza hadi jahazini ni 200 mara sini ya 60, kugawanya kwa sini ya 50, nao ni mita 226. Hapa hipotenusi na jirani hazina kazi tena. Mkabala peke yake ndiyo iliyobaki na maana yake ile ile.